Mita 700 za nyasi zilizolowa: uchambuzi wa ndege iliyoishia mtaroni

Mwanafunzi wangu wa zamani hajawahi kunipigia simu bila kuniamkia kwanza. Asubuhi ile hakuniamkia. Alisema tu, "Mwalimu, ndege imeingia mtaroni. Tumetoka wote wawili, wazima." Kisha akanyamaza, nikawa namsikia anavyohema. Nikamuuliza kama mafuta yamefungwa na umeme umezimwa, akasema alizima vyote kabla ya kufungua mlango. Nikamwambia asiguse kitu kingine, asiruhusu mtu kuisukuma ndege wala kukanyaga nyasi zilizo nyuma yake. Nikachukua mkanda wa kupimia, nikawasha gari.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, yaani mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, ambacho nchi nyingi duniani hukifuata katika kuchunguza ajali za ndege, kinasema lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, wala si kutafuta wa kumbebesha lawama. Uchunguzi rasmi una wenyewe. Mamlaka husika iliarifiwa siku hiyo hiyo, nayo ikaturuhusu kupima na kupiga picha bila kugusa ndege. Ninayoyaeleza hapa ni niliyoyaona mwenyewe ardhini na tuliyozungumza na rubani baadaye, kwa sababu nilimfundisha mimi, na sehemu ya kosa hili naiona ilianzia darasani kwangu.

Ndege ni Cessna 172S, ya watu 4, ambayo marubani wengi wamejifunzia. Niliikuta imeinamisha pua ndani ya mtaro wa maji ya mvua, mkia juu, mita 25 kupita mwisho wa kiwanja. Mguu wa mbele ulikuwa umekunjwa kuelekea nyuma, na bati linalotenganisha injini na chumba cha rubani lilikuwa limefanya makunyanzi upande wa chini, pale mguu unapofungwa. Makunyanzi hayo ndiyo yanayofanya jambo hili liitwe ajali, maana sehemu inayobeba uzito wa ndege imeathirika. Dada yake rubani, aliyekaa kiti cha kulia, alivilia damu begani mahali mkanda ulipomshika. Mkanda huo ulizuia uso wake usigonge dashibodi, na bega likapona ndani ya wiki chache.

Mapanga mawili ya pangaboi yalikuwa yamepinda kuelekea nyuma. Pangaboi likigonga kitu huku injini ikivuta kwa nguvu, kwa kawaida ncha zake hupinda kwenda mbele. Yakipinda nyuma namna hii, maana yake injini ilikuwa imeshushwa. Kwa hiyo hadi dakika ya mwisho rubani alikuwa akijaribu kusimama, hakuwa akijaribu kupaa. Hilo nililiweka akilini. Na kwa wanaodhani pangaboi likibadilishwa mambo yamekwisha: injini ya Lycoming, kama ya ndege hii, iliyopata pigo la namna hiyo ni lazima ifunguliwe ikaguliwe gia ya krenki, ule mhimili mkuu unaozungusha pangaboi, na boliti inayoishika. Ipo amri ya usalama ya Marekani ya mwaka 2004 inayolazimisha ukaguzi huo, na sababu yake ni kwamba boliti ile inaweza kuvumilia leo ikakatika siku nyingine ukiwa angani.

Lakini kilichonieleza mengi kuliko vyote ni tairi la kushoto. Nililala kifudifudi kwenye majani nikalitazama kwa karibu. Lilikuwa limeoshwa likang'aa, isipokuwa sehemu moja yenye ukubwa wa kiganja, iliyopakwa ukijani wa majani yaliyosagwa mpaka yakawa kama uji mzito. Tairi linalozunguka lingejipaka mzunguko mzima. Hili lilipakwa mahali pamoja tu, kwa hiyo liliacha kuzunguka na kuanza kuburutwa. La kulia lilikuwa na doa kama hilo, dogo kidogo. Rubani alikuwa amekanyaga breki kwa nguvu zake zote, na breki zilifanya kazi yake barabara: ziliyashika matairi yakatulia tuli. Kisichokuwepo ni kitu cha matairi kukishika.

Kutoka pale nikaanza kutembea kinyumenyume, kutoka mtaroni kurudi mwanzo wa kiwanja. Alama zilikuwa michirizi miwili ya nyasi zilizolazwa, zikimetameta kwa maji, na udongo haukuchimbika hata kidogo. Anayejua breki za lami angetarajia kuona makovu. Hapa ndege iliteleza juu ya majani kama mtu aliyekanyaga sabuni. Michirizi ile iliendelea bila kukatika hadi mita 410 kutoka mwanzo wa kiwanja, ikapotea. Nyasi zikawa nzima, zimesimama. Nilipofika mita 360 nikakuta alama nyingine fupi, ya hatua tatu hivi. Ndege iligusa hapo, ikadunda, ikaelea, ikashuka tena mita 50 mbele yake.

Kiwanja kina urefu wa mita 700. Kwa maana hiyo, magurudumu yalipotulia chini zilikuwa zimebaki mita 290 za nyasi zilizolowa kwenye mteremko. Kutoka mita 360 kurudi mwanzoni hakukuwa na alama yoyote, nami nilitembea sehemu hiyo polepole kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na cha kunifundisha. Zaidi ya nusu ya kiwanja ilipita chini ya tumbo la ndege bila kutumika.

Jioni tulikaa naye mezani. Alinipa karatasi aliyoifunga pajani wakati wa safari. Juu yake aliandika kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko wake ule ulionyooka: 410, chini yake 490, kisha "kiwanja 700", na pembeni alama ya vema. Nilizijua namba hizo mara moja. Kitabu cha ndege hii, kwa uzito wa juu kabisa, karibu na usawa wa bahari, nyuzi 20 za joto, kinataka takriban mita 410 kutoka kimo cha futi 50 hadi kusimama, na katika hizo kama mita 180 ni za kukimbia ardhini. Kitabu hicho hicho kinasema ukitua kwenye nyasi kavu uongeze asilimia 45 ya zile za ardhini. Asilimia 45 ya 180 ni kama 80. Kwa hiyo 490 yake ilikuwa hesabu sahihi, na kijana hakubahatisha. Aliketi, akafungua kitabu, akahesabu, na akaona ana mita 210 za akiba.

Tatizo ni neno moja tu, "kavu". Usiku ule ilinyesha mvua ndogo, na asubuhi kulikuwa na umande mzito. Mwenye kiwanja naye, kwa wema wake, alikuwa amezifyeka nyasi siku mbili kabla ili wageni wapate mahali pazuri pa kutua. Wengi tunaamini nyasi fupi ni bora. Zikiwa kavu, ndiyo. Zikilowa, nyasi fupi sana zilizo juu ya udongo mgumu ndizo mbaya kuliko zote.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza imetoa kwa marubani wa ndege ndogo viwango vya kuzidisha umbali wa kutua, na hivyo ndivyo ninavyovitumia mimi. Nyasi zilizolowa: zidisha kwa 1.35. Mteremko wa asilimia 2: zidisha kwa 1.1. Upepo wa nyuma unaofikia sehemu moja ya kumi ya kasi ya kutua: zidisha kwa 1.2. Unazidisha kimoja juu ya kingine, hujumlishi. Nilichukua karatasi yake nikaandika chini ya alama ya vema. 410 mara 1.35 ni 553. Mara 1.1, kwa kuwa kiwanja kile kinashuka kama mita 14 kutoka upande wa miti hadi upande wa mtaro, inakuwa 609. Akaitazama akasema, "Bado ingetosha, Mwalimu." Nikamwambia naam, ingetosha kwa rubani asiyekosea kitu hata kimoja. Kisha nikaandika mara 1.2 ya upepo: 731.

Hakusema neno. Aliivuta karatasi upande wake akarudia hesabu mwenyewe, mara mbili.

Na hapo sikuwa nimegusa kiwango cha akiba. Mamlaka hiyo inashauri matokeo yote yazidishwe tena kwa 1.43 wakati wa kutua, kwa sababu namba za kitabu zilipatikana kwa rubani wa majaribio, ndege mpya na breki mpya. Ukifanya hivyo unafika karibu mita 1,045. Wala sikutumia kile kiwango kikali zaidi cha nyasi fupi sana zilizolowa, kinachoweza kufikia 1.6. Kwa kiwango hicho, hata pasipo upepo wowote, mteremko ule ungetaka mita 722. Kwa lugha nyepesi, asubuhi ile kiwanja kilikuwa kifupi kabla ndege haijaondoka ilikotoka.

Upepo wa nyuma aliupata wapi? Utabiri ulisema upepo mwepesi wa mbele. Alipozunguka juu ya kiwanja aliitazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakovuma, akaiona imelala kwenye mlingoti wake kama nguo iliyoanikwa, akahitimisha kwamba hakuna upepo. Nilikwenda kuitazama soksi hiyo. Imesimikwa nyuma ya safu ya miti, upande ule ule ambao miti inaukinga dhidi ya upepo uliokuwa ukivuma. Nilisimama chini yake nikahisi hewa imetulia kabisa. Nilipotembea hatua 60 hadi katikati ya kiwanja, shati likaanza kunipepea mgongoni. Soksi ilisema kweli kuhusu mahali ilipo, ila mahali hapo hakuna ndege inayotua.

Hata hivyo ndani ya ndege kulikuwa na shahidi mwingine. GPS yake ilihifadhi safari yote, na tulipoifungua ilionyesha kwamba katika mwendo wa mwisho wa kushuka kasi juu ya ardhi ilikuwa noti 74 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa). Yeye anakumbuka saa ya kasi, inayopima mwendo wa ndege ndani ya hewa, ikisoma 68. Tofauti ya noti 6 kati ya kasi ya hewani na ya ardhini ni upepo unaokusukuma mgongoni, na ulikuwa umeandikwa kwenye kioo mbele ya macho yake. Ndege haijali unatoka wapi na unakwenda wapi. Inaelea kwa kasi ya hewa, lakini inasimama kwa kasi ya ardhi.

Tukaja kwenye ile 68 yenyewe. Kitabu kinataka noti 61 kwa kutua mahali pafupi, flapu, yaani vibawa vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zikiwa nyuzi 30. Nilimuuliza kwa nini alizidisha. Alisema miti iliyo mwanzo wa kiwanja ilimtia wasiwasi, akaona aongeze kidogo kwa ajili ya usalama. Namuelewa, maana wengi tunafundisha kwamba kasi ndogo karibu na ardhi inaua, na ni kweli inaua. Lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka 61 hadi 68 peke yake ni ongezeko la karibu robo. Ukichukua kasi halisi ya ardhini, 74, ndege ilikaribia kiwanja ikiwa na nguvu za mwendo karibu mara moja na nusu ya zile ambazo kitabu kilizihesabu. Na kabla breki hazijahusika, kasi ile ya ziada lazima iishe hewani kwanza. Ndege yenye kasi ya ziada ukiiinua pua haitaki kukaa chini, inaelea. Kwa mwendo ule kila sekunde ya kuelea ilikula mita 35 hivi. Dada yake anakumbuka kuona ukingo wa nyasi ukipita dirishani "kwa muda mrefu mno". Sekunde tano tu zinatosha kumaliza robo ya kiwanja.

Kipo na kidogo cha kusema kuhusu mbio za ardhini. Flapu zilibaki chini hadi mtaroni, kwa hiyo mabawa yaliendelea kubeba sehemu ya uzito ambao ungepaswa kulemea matairi. Usukani hakuuvuta nyuma. Na matairi yalipofungwa hakuyaachia yazunguke kisha akayashika tena. Angefanya yote matatu, nadhani angeingia mtaroni polepole zaidi, pengine mguu wa mbele ungepona. Sidhani angesimama kabla ya mtaro. Wachambuzi wengi wa ajali za namna hii hukaa sana hapa, kwenye breki, kwa sababu hapa ndipo pana kelele. Mimi naona mambo yalikuwa yameshaamuliwa.

Yaliamuliwa kwenye zile mita ambazo hazikuwa na alama. Nilimuuliza swali hili kwa upole kadiri nilivyoweza: ulipokuwa unaelea, ulifikiria kupaa tena? Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Nilifikiria, Mwalimu. Lakini kila mara niliona kama inashuka sasa hivi. Nikasema sasa, sasa. Halafu ikagusa, nikasema afadhali, tumefika." Ilipodunda ndipo alipoona mwisho wa kiwanja, na ng'ambo yake nyaya za umeme. Wakati huo, kupaa kungekuwa kamari mbaya kuliko mtaro. Kuelekea nyaya zile ukiwa na kasi isiyotosha, flapu zote zikiwa chini, ndiko kunakozaa misiba. Kwa hiyo uamuzi wake wa kubaki ardhini baada ya mita 410 ulikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo, kwa sababu alikuwa anajilaumu kwa jambo lisilo kosa lake.

Mlango wa kutokea ulikuwa nyuma yake, karibu na mita 230, theluthi ya kwanza ya kiwanja. Pale ndege ilikuwa bado inaelea, ina kasi ya kutosha na ya kubakiza. Angesukuma nguvu zote za injini, akapandisha flapu hadi nyuzi 20, akaacha ndege ipae, angezipita nyaya kwa mbali, akazunguka, akajaribu tena au akarudi alikotoka. Lakini mita 230 hazionekani. Kiwanja cha nyasi hakina mistari iliyochorwa wala taa, ni kijani mwanzo hadi mwisho. Mtu anayeelea kwa noti 70 hawezi kujua amekula theluthi au nusu. Anajua tu kwamba ndege "inashuka sasa hivi", na maneno hayo yanabaki kuwa kweli sekunde baada ya sekunde mpaka nyasi ziishe.

Hapa ndipo ninaporudi darasani kwangu. Nilimfundisha kupaa tena, ndiyo. Tulifanya mazoezi hayo mara nyingi, juu ya lami ya mita 2,000, mimi nikiwa ndiye ninayesema "paa!" Hakuwahi hata mara moja kuamua mwenyewe. Sauti yangu ilikuwa ndiyo alama ya theluthi, na siku alipokwenda peke yake hakuwa nayo. Viwango vya nyasi tulivipitia kwa dakika kumi, kwa sababu mtihani una swali moja tu juu yake. Yote hayo aliyafanya kama nilivyomfundisha, na ndiyo maana yananiuma.

Sasa nafundisha tofauti. Mwanafunzi anachagua mwenyewe alama kabla ya kushuka, mti, jiwe, nguzo ya uzio, anaitaja kwa sauti, na kazi yangu ni kunyamaza. Asipokuwa chini akiwa na breki kufikia alama hiyo na bado hajasukuma injini, naingilia, lakini zoezi limefeli.

Mzee mwenye kiwanja aliumia sana, hasa alipojua habari za nyasi alizozifyeka. Tulizungumza naye kwa kirefu. Soksi ya upepo imehamishwa hadi mahali peupe, mbali na miti. Kwenye mita 230, kutoka kila upande, amelaza tairi kuukuu la trekta lililopakwa chokaa, nje kidogo ya ukingo, unaliona ukiwa bado juu sana. Kwa wanaopiga simu kuomba kutua sasa anawaambia nyasi zina hali gani asubuhi hiyo, fupi au ndefu, kavu au zina maji, na akiulizwa urefu hasemi tena 700 peke yake, anataja na mteremko. Mtaro bado uko wazi. Anataka kulaza mabomba na kuufukia mita 30 za upana, na fundi ameahidi kuja mvua zikikatika. Hadi atakapomaliza, wanafunzi wangu hawatui kutokea upande wa miti nyasi zikiwa na umande.

Ndege ilibebwa kwa lori, mabawa yamefunguliwa. Injini imeshafunguliwa na krenki imekwenda kupimwa.